Mkanda wa alteneta unaoteleza kwenye Beetle

Katika magari mengi ya siku hizi mkanda wa alteneta ukilegea, wa kwanza kulalamika ni betri. Kwenye Volkswagen Beetle mambo ni mazito zaidi. Mkanda ule ule mmoja unazungusha alteneta na unazungusha feni inayopoza injini nzima. Feni imefungwa kwenye ncha ya pili ya shafti ya alteneta, ndani ya kasha kubwa la bati unaloliona mara tu ukifungua kifuniko cha nyuma. Hakuna rejeta, hakuna pampu ya maji, hakuna feni nyingine ya akiba. Hewa inayosukumwa na feni hiyo ndiyo inayopita kwenye mapezi ya silinda na kwenye kipoza oili, basi.

Mkanda uliokatika ni hatari, ila angalau unajisema: taa nyekundu ya chaji inawaka, unasimama. Unaoteleza ndio wa kuogopwa. Unaweza kuendelea kuizungusha alteneta kiasi cha kutosha kuizima taa, huku feni ikizunguka pungufu ya inavyotakiwa na injini ikichemka kimyakimya pale pale inapohitaji hewa zaidi: gia ya pili, mafuta hadi chini, unapanda mlima Kitonga na jua la saa saba liko utosini. Ndiyo maana mkanda wa Beetle haungojewi ukatike.

Maelezo haya ni ya injini ile ya kawaida ya Beetle, kuanzia cc 1200 hadi 1600, yenye feni iliyosimama juu. Kombi zenye injini hiyo hiyo ya 1600 zinafuata utaratibu huu huu. Kombi za baadaye zenye injini ya 1700, 1800 au 2000 ni habari nyingine: feni yao imefungwa moja kwa moja kwenye krenki, yaani shafti kuu ya injini, mkanda unazungusha alteneta tu, na unakazwa kwa kuisogeza alteneta yenyewe. Kwenye Beetle alteneta haisogei. Imekaa juu ya stendi yake na kufungwa na mshipi wa chuma, na mkanda unakazwa kwa njia ambayo fundi aliyezoea Toyota anaweza kuitafuta asubuhi nzima asiione.

Kwanza dalili. Mkanda unaoteleza hulia ukikanyaga mafuta ghafla, hasa taa kubwa zikiwa zimewashwa na waipa zinafanya kazi, kwa sababu alteneta inapotoa umeme mwingi inakuwa nzito kuzungusha. Taa ya chaji inaweza kumwekamweka injini inapopanda mizunguko kisha ikazimika. Hiyo ni kinyume na kawaida, maana taa ya gari lisilo na hitilafu huwaka hafifu kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma pole, na huzimika ukiongeza mafuta. Angalia pia vumbi jeusi la mpira kwenye kasha la feni na kwenye mabati yanayozunguka puli. Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo: ukishafika uendako, zima injini, kisha kwa tahadhari sogeza kiganja karibu na puli ya juu, ile ya alteneta. Ikiwa inachoma kama pasi, mkanda umekuwa ukisugua badala ya kuvuta.

Taa nyekundu ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini wakati huo huo na uache gari lijisukume lenyewe hadi pembeni. Usiseme utafika kituo kijacho. Fungua nyuma uangalie mkanda. Ukiwa haupo, umelegea au puli ya juu haizunguki, safari imesimama hapo mpaka utengeneze. Ukiwa upo, umekaza, na feni inazunguka sawasawa, basi hitilafu iko upande wa umeme: brashi, regyuleta au waya. Hapo unaweza kuendelea mchana kwa umeme wa betri, kwa sababu upozaji upo. Tofauti hiyo ni sekunde chache za kuangalia, na ndiyo inayoamua kama utabadilisha mkanda au injini. Kwa injini iliyokwisha kupata moto, iache ipoe yenyewe na usiimwagie maji. Silinda za chuma na vichwa vya aloi havipendi kupozwa kwa ghafla. Ipime oili kabla ya kuiwasha tena.

Silinda inayoumia kwanza kwa kawaida ni namba 3, ile ya kushoto upande wa mbele wa gari. Kwenye injini za kabla ya 1971 kipoza oili kimesimama ndani ya kasha la feni, juu ya silinda hizo za kushoto, kikaziba sehemu ya hewa yake. Valvu ya ekzosi ya namba 3 ikikatika kichwa, pistoni na silinda vinaondoka nayo. Mkanda uliolegea unaongeza moto mahali ambapo tayari ndipo penye moto.

Mkanda upi

Usinunue kwa mwaka wa kadi ya gari. Beetle nyingi zilizokuwa na dinamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia alteneta, zimebadilishiwa alteneta, na baadhi zimerudishiwa dinamo. Angalia kilichopo juu ya stendi na upana wa puli. Kwa dinamo ya volti 12, mkanda wa kawaida ni 9.5 × 905. Kwa alteneta yenye puli yake ya asili ni 11.3 × 912. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni urefu, zote kwa milimita, na huandikwa mgongoni mwa mkanda. Dukani unaweza kupewa 10 × 905 badala ya 9.5, huo unakaa vizuri kwenye puli ya dinamo. Lakini mkanda wa dinamo kwenye puli ya alteneta haufai kabisa, hata kama mwenye duka ataapa kwamba ni ule ule.

Sababu ni hii. Mkanda wa V hauvuti kwa tumbo lake, unavuta kwa mbavu zake mbili zilizobanwa na kuta za puli. Mkanda mwembamba kwenye puli pana unazama mpaka chini ya mfereji. Tumbo linagusa, mbavu zinakosa mbano, na hapo hata ukaze vipi utateleza. Halafu alteneta yenyewe ni mzigo mkubwa zaidi: dinamo nyingi za volti 12 za Beetle zilitoa ampea 30, alteneta za Bosch zilizofuata zilitoa ampea 50 hivi. Mzigo huo, pamoja na wa feni, unabebwa na mkanda huo mmoja.

Ukichukua mkanda wa zamani kwenda nao dukani, linganisha namba, si urefu. Wa zamani umeshavutika. Ukipata wenye meno ya ndani, yaani uliokatwakatwa tumboni, uchukue huo, kwa sababu unajikunja kwa urahisi kwenye puli ndogo ya juu na haupati joto haraka.

Kufungua

Vifaa ni vichache: spana ya boksi namba 21, bisibisi ndefu imara ya bapa, kitambaa kikavu, na mkanda mpya. Gari liwe kwenye nyutro, hendibreki imevutwa, swichi imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Kama uko nyumbani, toa waya hasi wa betri chini ya kiti cha nyuma. Subiri injini ipoe, maana mikono itakuwa karibu na mabomba ya ekzosi.

Puli ya juu imetengenezwa kwa vipande viwili, cha ndani na cha nje, vinavyobanwa pamoja na nati ya 21. Kipande cha ndani kina pengo kwenye ukingo wake. Zungusha injini mpaka pengo hilo lije juu, ingiza bisibisi ndani yake, na ncha yake iegemee kichwa cha bolti ya juu ya mwili wa alteneta. Bisibisi ikishakaa hivyo, puli haizunguki. Sasa fungua nati kwa kwenda kushoto, kama nati yoyote ya kawaida. Usiegemeze bisibisi kwenye kasha la feni. Bati litapinda kuelekea ndani, feni itaanza kukwaruza, na utakuwa umejipatia kazi ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Vitu vitatoka kwa mpangilio, na mpangilio huo ndio siri ya kazi yote: nati, kikombe cha chuma, vibati vyembamba vya duara, kipande cha nje cha puli, vibati vingine vya aina ile ile, kisha mkanda. Vibati hivyo mafundi wengine huviita shimu, wengine washa. Vipange juu ya kitambaa kwa namna vilivyotoka: vya ndani peke yake, vya nje peke yake, na uhesabu kila fungu. Angalia kikombe kilikuwa kimeelekeza wapi, ukirudishe vile vile.

Shimu za ndani, zile za katikati ya vipande viwili, ndizo zinazoamua mkazo. Ukipunguza shimu za ndani, vipande vinakaribiana, mfereji unakuwa mwembamba, mkanda unapanda juu kwenye puli na unakaza. Ukiongeza, mkanda unazama na kulegea. Shimu zisizotumika ndani zinakaa nje, chini ya kikombe. Hazitupwi wala haziwekwi kwenye kopo la gereji. Jumla ya shimu kwenye shafti ibaki ile ile daima, la sivyo nati haitapata mahali pazuri pa kubana. Beetle nyingi zilizopita mikono mingi zina shimu pungufu, na ndizo zinazokula kii ya nusu mwezi kwenye shafti: nati inaonekana imekaza, kumbe puli inacheza. Kii ikishalika, mfereji wake kwenye shafti unafuata, na hapo unazungumzia alteneta nyingine.

Kabla ya kuvalisha mkanda mpya

Hapa ndipo kazi ya maana ilipo. Wengi hupita haraka, kisha baada ya wiki mkanda mpya unalia kama wa zamani.

Mkanda ukiwa nje, zungusha shafti ya alteneta kwa mkono. Inapaswa kuzunguka laini. Ukihisi mchanga ndani, beringi zimekwisha. Ukisikia bati likikwaruza, feni inagusa kasha lake. Itikise shafti juu na chini, isicheze. Alteneta yenye beringi inayokaribia kushika itauchoma mkanda wowote utakaouweka, na moshi wa mpira utausikia kabla ya kuona taa.

Kagua kuta za ndani za vipande vya puli, na za puli ya chini, ile ya krenki, pia. Ziwe zimenyooka. Zikiwa zimeliwa katikati zikafanya kishimo, mkanda hautashika hata ukiwa wa gharama gani. Vumbi la murram ndilo linalofanya hivyo: linaingia kati ya mkanda na puli na kusugua kama msasa. Injini hizi hazina woga na vumbi, Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za East African Safari za mwaka 1962 akiwa na Volkswagen 1200, lakini puli haina chujio. Sugua kutu ndogo kwa msasa laini, futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha acha ikauke kabisa. Puli iliyopinda ukingo au yenye ufa haikunjuliwi kwa nyundo, inabadilishwa.

Halafu angalia oili. Ukikuta puli ya chini imelowa, jiulize imetoka wapi kabla ya kuipangusa. Injini ya asili ya Beetle haina sili ya mpira nyuma ya puli ya krenki. Kuna kibati cha kurusha oili na mfereji wa hesi kwenye shingo ya puli unaoirudisha oili ndani injini inapozunguka. Mfumo huo unafanya kazi vizuri mpaka mtu ajaze oili kupita kiasi. Injini hii inachukua lita 2.5, si 3, wala si 4 kama pikapu. Ikizidi alama ya juu ya kijiti, inatafuta njia ya kutoka, na njia ya karibu ni hapo. Pistoni zilizochoka nazo zinasukuma gesi chini na kuleta matokeo yale yale. Oili ikishaingia kwenye mbavu za mkanda, usijaribu kuuosha mkanda. Tupa.

Na mambo ya kupaka sabuni ya mche, lami au dawa ya kunyamazisha mkanda, achana nayo. Yananyamazisha kelele kwa siku mbili na kuacha utando unaoteleza zaidi. Soksi ndefu ya kike iliyofungwa fundo, ambayo kila mtu amesikia kuwa ilimfikisha mtu fulani nyumbani, haina nguvu ya kuzungusha feni hii kwa mizunguko inayotakiwa.

Kufunga na kupima

Pitisha mkanda kwenye puli ya chini kwanza, kisha ulaze juu ya shingo ya kipande cha ndani cha puli ya juu. Usiuvute kwa nguvu kupita ukingo wa puli wala usiutie bisibisi. Nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana nje. Weka shimu za ndani kwa idadi ile ile iliyokuwepo, na kama mkanda wa zamani ulikuwa umevutika sana, ongeza moja au mbili kutoka fungu la nje, kwa sababu mkanda mpya ni mfupi. Rudisha kipande cha nje, shimu zilizobaki, kikombe na nati.

Sasa usikaze moja kwa moja. Vipande viwili vinapokaribiana, mkanda unahitaji nafasi ya kupanda juu. Ukikaza kwa haraka unaubana katikati kama kidole mlangoni. Geuza nati kidogo, zungusha injini kwa spana hiyo hiyo upande wa kulia, geuza tena, zungusha tena, mpaka mkanda ukae sawa. Kisha rudisha bisibisi kwenye pengo na umalizie. Mkazo wa nati ni Nm 55 hadi 65. Kwa spana ya kawaida, ni mkono mmoja wenye nguvu, si bomba la kuongezea urefu.

Bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Uzame kama milimita 15. Ukizama zaidi, fungua, toa shimu moja ndani uipeleke nje, ufunge upya. Ukiwa mgumu kama uzi wa gitaa, rudisha moja ndani. Shimu moja inaleta tofauti inayoonekana, kwa hiyo nenda moja moja. Wapo wanaopenda mkanda ukaze sana wakidhani ndiyo usalama, lakini mkanda uliokaza mno unaua beringi za alteneta, na beringi ikishika unarudi kule kule kwenye moshi. Na kama umeshatoa shimu zote za ndani na mkanda bado unalegea, tatizo si shimu. Mkanda umekwisha, au ni namba isiyo yake, au puli imeliwa.

Simama nyuma ya gari uangalie puli zote mbili kwa upande. Mkanda unatakiwa kwenda wima bila kupinda. Ukipinda, kaza mshipi wa alteneta na nati nne za stendi, maana alteneta inaweza kuwa imesogea.

Washa injini. Taa ya chaji izimike ukiongeza mafuta kidogo. Washa taa kubwa, panda mizunguko ghafla, sikiliza. Ukiwa na maltimita, pima kwenye betri injini ikizunguka kasi ya wastani: alteneta nzima itaonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5. Namba ikishuka taa zinapowashwa na mkanda unalia, bado unateleza. Ikishuka bila mlio, mfuate fundi umeme.

Mkanda mpya huvutika mwanzoni. Baada ya kama kilomita 100 ubonyeze tena, injini ikiwa baridi, na mara nyingi utatoa shimu moja. Baada ya hapo, angalia kila unapopima oili. Kwenye buti ya mbele weka mkanda wa akiba wenye namba sahihi, spana ya 21, bisibisi ile ndefu na shimu mbili tatu za ziada. Mkanda wa akiba uwekwe ndani ya mfuko, mbali na petroli na oili, bila kukunjwa kwa nguvu. Ule wa zamani ulioanza kung'aa mbavuni usiuweke kuwa wa akiba. Ulishateleza mara moja, na ukiuvalisha usiku kando ya barabara utateleza tena.